Mazda Axela 1.5 ya Mwaka 2014: Gari la Kila Siku kwa Anayependa Kuendesha

Gari langu la zamani lilikuwa sedani ya Kijapani ya mwaka 2001, yenye silinda 6 zilizopangwa kwenye mstari mmoja na magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na kwa miaka 11 lilinipeleka kazini Posta kutoka Goba na kunirudisha bila manung'uniko mengi. Mwaka wake wa mwisho fundi wangu alilifungua karibu kila mwezi: leo rejeta, wiki inayofuata bushi za mbele, kisha shokapu. Siku moja alinyanyua boneti, akashika kifungu cha nyaya karibu na injini, na plastiki yake ikavunjika mkononi mwake kama ganda la karanga. Akaniambia, "Kaka, injini bado nzima, lakini vyote vilivyoizunguka vimechoka." Nilijua siku ile kwamba nimeanza kutafuta gari jingine.

Nilitaka gari lenye uchangamfu, na nililazimika kujiuliza neno hilo lina maana gani kwa mtu anayeendesha Dar es Salaam. Muda mwingi wa safari yangu mwendo hauzidi kilomita 40 kwa saa: vilima na kona za Goba, makutano ya Mbezi, foleni ya Mwenge, matuta yasiyo na idadi. Nguvu za farasi 200 hazina pa kutumika katika safari hiyo. Ninachokigusa kila siku ni usukani, pedali, gia na kiti, na gari ambalo vitu hivyo vinne vimetengenezwa kwa makini linafurahisha hata likiwa nyuma ya daladala, wakati gari lenye injini kubwa na usukani usiosema kitu huchosha kabla hujafika Makumbusho. Sharti la pili lilikuwa uimara, kwa sababu hili ndilo gari pekee la nyumbani na watoto wawili hulitegemea asubuhi.

Niliendesha magari manne kabla ya kuamua. Toyota Mark X ya toleo la GRX130 ndiyo iliyoniita kwa nguvu zaidi, kwa kuwa inasukuma kwa magurudumu ya nyuma kama gari nililokuwa nikiliaga, na injini yake ya lita 2.5 yenye farasi 203 hupumua vizuri sana katika barabara ndefu. Hata hivyo injini hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,499, ambao katika ushuru wa bidhaa huangukia kwenye kundi la asilimia 10 badala ya asilimia 5 ya magari yasiyozidi 2,000, na katika foleni inakunywa mafuta kwa kiwango ambacho mshahara wangu hauwezi kukivumilia. Suzuki Swift Sport ya kizazi cha ZC32S, yenye injini ya lita 1.6, farasi 136 na uzito wa kama kilo 1,050 tu, ilinichekesha kwa furaha katika kila kona. Nikiwa kijana asiye na familia ningeichukua siku hiyo hiyo, lakini buti lake halibebi hata nusu ya mizigo tunayopeleka kijijini. Subaru Impreza ya lita 2.0 ina utulivu wa kupigiwa mfano katika mvua kwa sababu magurudumu yote manne husukuma, ila gia boksi yake ya CVT, isiyo na gia za hatua, iliniacha nikisikia injini ikipanda sauti huku mwendo ukiifuata kwa kuchelewa, na mfumo huo wa magurudumu manne unataka tairi zote ziwe za aina moja na zilizochakaa kwa kiasi kinacholingana, jambo gumu kwa mtu ambaye pancha moja mbaya humlazimisha kununua tairi moja. Toyota Auris RS, yenye gia 6 za mkono, ningependa sana kuijaribu, lakini sikupata hata moja iliyokuwa inauzwa.

Ikabaki Axela, ambayo nje ya Japani huitwa Mazda3, ya kizazi kilichoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2013, ambayo nimeiendesha sasa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipoketi ni pedali ya mafuta. Katika magari mengi ya daraja hili pedali hiyo huning'inia kutoka juu. Katika Axela imeungwa sakafuni, kisigino kinakaa mahali pamoja na unyayo unasogea pamoja na pedali, kwa hiyo unaweza kuongeza mafuta kidogo sana bila mguu kutetereka. Jambo hili linaonekana dogo mtu akilisoma, lakini katika foleni ya saa moja na nusu mguu wangu wa kulia haufiki nyumbani ukiuma kama zamani. Usukani nao una uzito wa kadiri, haulegei kama usukani wa gari la kujifunzia, na ukianza kukata kona gari hufuata mkono wako moja kwa moja bila kusubiri. Mtu aliyetoka kwenye gari la magurudumu ya nyuma, kama mimi, huogopa kwamba gari la kuvuta kwa mbele litakuwa zito puani. Hili si hivyo, isipokuwa ukiingia kona kwa papara katika lami iliyolowa.

Nyuma kila gurudumu limeshikwa na mikono yake kadhaa, tofauti na kizazi cha Mazda3 kilichokuja mwaka 2019, ambacho kilihamia kwenye ekseli ya msokoto, yaani boriti moja inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Maana yake kwa barabara zetu ni kwamba gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halilazimiki kushiriki msukosuko huo kwa kiasi kile kile, na gari halirukiruki mkia. Nina kipande cha barabara ya vumbi cha karibu mita 600 kabla ya kufika kwangu, chenye makunyanzi kama ya bati yanayotetemesha meno, na hapo ndipo ninapothamini kazi ya wahandisi hao kila jioni.

Injini ya lita 1.5 hutoa farasi 111, na gia boksi ni otomatiki ya gia 6 halisi ambayo hufunga klachi yake mapema, kwa hiyo unahisi kwamba mguu na magurudumu vimeungana. Ukisogeza mkono wa gia upande wa kuchagua mwenyewe, kuvuta kwako ni kupanda gia na kusukuma mbele ni kushuka, mpangilio unaolingana na jinsi mwili wenyewe unavyoelekea wakati wa kuongeza kasi na kufunga breki. Mpangilio huo niliuhitaji katika barabara ya Morogoro. Ukiwa umepita Chalinze, gari lina watu wanne na kiyoyozi kinafanya kazi, halafu mbele kuna malori mawili yaliyofuatana, injini hii ndogo haitakupa nguvu ya kupita kwa kukanyaga tu. Lazima ushuke gia mbili kabla, uisikie injini ikifika juu, ndipo utoke. Anayesafiri mikoani kila wiki achukue ile ya lita 2.0 yenye farasi 155, ambayo kwa ujazo wake wa sentimita za ujazo 1,997 bado imo katika kundi lile lile la asilimia 5. Kwangu, ninayesafiri mara tatu kwa mwaka, 1.5 inatosha: kwa hesabu ninayoiandika kila nikijaza tangi, hupata wastani wa kilomita 11 kwa lita mjini na 16 katika safari ndefu.

Ile ya dizeli ya lita 2.2 ina nguvu zinazoshawishi, lakini simshauri mtu wa mjini ainunue. Chujio lake la masizi huhitaji safari ndefu zenye moto wa kutosha ili lijisafishe, na safari zetu ni za foleni. Masizi hujaa humo na katika njia za hewa, na bili yake inaweza kumeza faida yote ya mafuta.

Kuhusu uimara, injini hii ya petroli inaendesha kamshafti, mhimili unaofungua vali, kwa cheni badala ya mkanda wa kubadilishwa, na hilo ni jambo moja la kutokuwaza. Kuna mambo mengine lakini ambayo mwenye gari lazima ayashike mwenyewe. Mazda wanataka oili nyepesi ya 0W-20, wakati maduka mengi ya mitaani yatakupa 20W-50 iliyo nzito kwa sababu ndiyo iliyozoeleka. Usikubali, hata ukiambiwa kwamba nchi yetu ina joto. Gia boksi inataka mafuta yake yanayoitwa ATF FZ, na fundi akikuambia kwamba mafuta yote ya otomatiki ni sawa, tafuta fundi mwingine. Betri ni ya aina ya Q-85, iliyotengenezwa kwa magari yanayojizima yenyewe kwenye taa, na bei yake ni kubwa kuliko betri ya kawaida. Ukifunga ya kawaida itachoka mapema. Spea nimezipata Kariakoo na Ilala bila shida kubwa, ingawa haziko kila kona kama za Toyota, na baadhi ya taa na vioo huuzwa kwa bei inayouma.

Mapungufu yapo. Gari liko chini, na tuta refu lililojengwa na wananchi wenyewe hulikwangua tumboni likiwa limejaa, kwa hiyo matuta hayo ninayapita kwa mshazari. Kiti cha nyuma kinawatosha watoto, si watu wazima watatu wa maungo makubwa. Dirisha la nyuma ni finyu na nguzo zake ni nene, jambo linalodai uangalifu wakati wa kurudi nyuma. Redio, kama za magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, huanzia megahezi 76 na haifiki kwenye stesheni nyingi za hapa mpaka ufungiwe kifaa cha kuhamisha masafa.

Ununuzi wenyewe ulinifundisha subira. Katika yadi moja mjini nilionyeshwa Axela yenye odometa ya kilomita 58,000, huku ngozi ya usukani imelainika hadi inang'aa na mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja. Niliomba karatasi ya mnada wa Japani, inayoandika hali ya gari lilipokaguliwa, nikaambiwa imepotea, nikaondoka. Niliagiza mwenyewe, na karatasi iliyokuja ilikuwa na daraja la 4, mikwaruzo miwili midogo (A1) kwenye bampa na mlango, na hakuna herufi R, ambayo ingemaanisha kwamba gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kabla ya kulipa nilipiga hesabu ya ushuru katika kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) mtandaoni, nikaona jinsi umri unavyouma: gari lilikuwa na miaka 9, likaongezewa ushuru wa asilimia 15 wa magari ya miaka 8 hadi 10, na lingevuka miaka 10 ingekuwa asilimia 30.

Kwa sababu hiyo anayeagiza leo asifuate mwaka wangu. Atafute iliyotoka baada ya Julai 2016, ambayo Mazda waliiongezea mfumo unaopunguza nguvu za injini kidogo sana pale usukani unapogeuzwa ili tairi za mbele zishike barabara vizuri zaidi, na achague yenye rimu za inchi 16 na tairi za 205/60, kwa kuwa rimu za inchi 18 zinapendeza machoni lakini ukuta mwembamba wa tairi zake hauhimili mashimo ya Goba.