Madoa ya jua usoni: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua krimu ya kukinga jua. Wengi huingia dukani wakitafuta cha kuondoa madoa, na kinga ya jua huiona ni anasa. Lakini doa lililofifia kwa miezi mitatu ya seramu ghali linaweza kukolea tena ndani ya siku chache za kukaa juani bila kinga.

1. Krimu ya jua yenye rangi. Chagua yenye SPF (kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa) ya 30 kwenda juu, inayozuia pia UVA, yaani miale ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi. Kwa sisi weusi na maji ya kunde, ile iliyotiwa oksidi za chuma, ndizo zinazoipa rangi ya ngozi, ndiyo bora. Madoa yetu mengi ni melazma, yaani mabaka ya kahawia ya mashavuni na kwenye paji la uso, au alama za chunusi zilizokolezwa na jua. Haya hukolezwa hata na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao krimu isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Faida nyingine, haikuachi na uso wa kijivu kama uliopakwa majivu.

Kipimo ni mistari miwili ya krimu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kwa uso na shingo. Ukiwa juani, rudia kila baada ya saa mbili. Chupa ya mililita 50 ikikufikisha miezi minne, unapaka kidogo mno. Kwa hiyo unapolinganisha bei, piga hesabu ya mwezi mzima, usiangalie bei ya chupa peke yake. Kofia pana au mwavuli huongeza kinga.

2. Asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20. Kati ya dawa za madoa, hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Inatuliza seli zinazotengeneza rangi kupita kiasi bila kuchubua uso mzima, inatibu chunusi, na kwa kawaida wajawazito huruhusiwa kuitumia, nao ndio hupata sana melazma. Itawasha kidogo wiki za mwanzo. Iulizie kwenye famasi, maduka ya vipodozi huwa nayo kwa nadra.

3. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3 inayofifisha madoa. Asilimia 4 au 5 inatosha. Ya 10 haifanyi kazi mara mbili. Ni nafuu na mpole kwa ngozi.

4. Vitamini C. Inafanya kazi, ila joto letu huiharibu. Chupa angavu iliyokaa rafuni dirishani, na maji yake yamegeuka rangi ya chai ya rangi, iache hapo hapo.

5. Adapalini, dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A, inayosaidia pia kufifisha alama zake. Ni ya usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Mjamzito asiiguse.

Haidrokwinoni, dawa kali ya kung'arisha ngozi, nimeiweka nje ya orodha kwa makusudi. Tanzania na Kenya zimeipiga marufuku kwenye vipodozi. Daktari wa ngozi anaweza kukuandikia kama dawa, kwa miezi michache na chini ya uangalizi. Ukijinunulia mwenyewe na kuipaka muda mrefu, inaweza kukuachia weusi wa kibuluu ambao ni vigumu mno kuuondoa.

Mkorogo usinunue kabisa, hata kama shoga yako uso wake umeng'aa kwa wiki mbili. Makopo yale yasiyo na lebo mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli. Ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinafumuka, na ukiacha tu madoa yanarudi. Mengine yana zebaki, inayoharibu figo na kuwafikia hata watoto unaowabeba. Geuza boksi usome: ukiona "calomel" au "mercurio", au onyo kwamba krimu isigusane na vito vya dhahabu au fedha, kirudishe. Limau nalo liishie jikoni, maana maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuzaa madoa mapya.

Chochote utakachochagua, kipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kukihukumu. Ila doa moja linalokua, kubadilika umbo au kutoa damu usilinunulie krimu yoyote; nenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo.