Ziara yetu ya Nagasaki: dakika 25 kwenye bomu, dakika 50 kwenye keki

Hasira hii ninayo tangu mwaka juzi, na juzi kampuni ya ziara yenyewe imeniandikia tena kuniomba niwape nyota za tathmini. Haya, acha niseme.

Nilikuwa na mama yangu mzazi. Alitoka Tanga kuja kunitembelea huku Kanada, tukaunganisha na safari ya meli ya kitalii Japani. Mama anatembea na mkongojo. Ziara za meli yenyewe ni za mabasi makubwa, nikaona hataweza kukimbizana na umati ule, nikatafuta kampuni ya pembeni yenye gari la watu wanane, dola 95 kila kichwa. Kilichonivuta ni ahadi yao kwamba watakurudisha gatini kwa wakati. Waliosafiri kwa meli wanaelewa: ukitoka kivyako ukachelewa, meli haikungoji, inaondoka na sanduku lako.

Niseme haki ya mtu kwanza. Dereva alikuwa muungwana. Kila tukisimama, kabla mlango haujafunguka ameshaweka kistuli chini na ameshamnyooshea mama mkono. Hawakuelewana hata neno moja, lakini hadi mchana walikuwa wanacheka pamoja.

Shida ilikuwa mwongoza watalii.

Makumbusho ya Bomu la Atomiki ndiyo iliyomfanya mama akubali kushuka melini siku ile. Mwanzoni tu unakutana na saa ya ukutani iliyosimama saa 5 na dakika 2 asubuhi, wakati bomu lilipolipuka tarehe 9 Agosti 1945. Mama alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 30, na anasoma kila kibao kama anasahihisha daftari. Akapita chupa zilizoyeyuka zikashikana, akafika kwenye mkebe wa chakula wa msichana wa miaka 14. Mkebe wa bati tu, kama ile tuliyobebea viporo shuleni. Ndani yake wali umeungua ukawa mkaa. Mama akasimama pale muda mrefu, kisha akaniambia, "Saa tano, mwanangu. Alikuwa hajala."

Hapo yule bwana akatokea nyuma yetu na kupiga makofi mawili. Makofi, ndani ya chumba kile! Watu wakageuka. Akagonga saa yake kwa kidole, muda, muda, meli. Nikamwomba dakika kumi tu. Akanijibu mimi, mama hakumtazama hata usoni, kwamba watu wazima sita hawawezi kumsubiri bibi mmoja. Mama hajui Kiingereza kingi, lakini lile alilielewa. Akashika mkongojo wake akatangulia mlangoni bila neno.

Tulikaa mle dakika 25. Bustani ya Amani, yenye lile sanamu kubwa lililonyoosha mkono mmoja juu kulikotoka bomu, tukaambiwa muda hautoshi. Muda wa duka la keki ukapatikana: dakika 50, nilizihesabu. Sina ushahidi wa kamisheni, ila mwenye duka alimpokea kama mtu wa nyumbani.

Keki yenyewe siwezi kuisingizia. Inaitwa kasutera, Wareno ndio walioileta katika karne ya 16, na mtu wa pwani akiionja anaijua papo hapo: ni mkate wa mayai, isipokuwa hii ina sukari ya chenga chini inayokwaruza meno. Siku nyingine ningenunua maboksi matatu. Mama alionja kipande, akasema imekosa iliki, akakirudisha kwenye sahani. Hakuwa na hamu ya kitu.

Sasa sikilizeni. Meli ilikuwa inaondoka saa 12 jioni. Tulirudishwa gatini saa 8 na nusu mchana! Meli ile pale mbele yetu, zimebaki saa tatu na nusu, na huyu ndiye aliyempigia mama yangu makofi.

Nikamwambia, mama, tunarudi. Akasema tutachelewa. Nikamwambia hatuchelewi.

Kutoka gati la Matsugae ni mwendo mfupi kwa miguu hadi kituo cha tramu, yaani treni ndogo ya barabarani, cha Oura Kaigan, hata kwa mwendo wa mama. Unabadilisha Shinchi Chinatown, unashuka kituo cha makumbusho. Unapandia mlango wa nyuma na kulipa mbele unaposhuka. Wakati ule nauli ilikuwa yen 140 na kiingilio cha makumbusho yen 200. Ngazi za tramu ziko juu na mama alipanda taratibu, lakini dereva hakuondoa tramu mpaka alipomwona kwenye kioo ameketi. Kutoka kituoni kuna kilima kidogo, tulipumzika mara mbili. Mama akaenda moja kwa moja kwenye ule mkebe. Safari hii hakuna aliyemharakisha, na kabla ya saa 11 na nusu tulikuwa tumesharudi melini.

Kwa hiyo wanaoshuka Nagasaki nawaambia msinunue ziara ya mtu. Meli inafunga mjini kabisa; kanisa la Oura liko jirani, na kwingine tramu inafika. Sisemi kampuni za pembeni zote ni mbaya. Ukishuka bandari ya Shimizu unataka kuukaribia mlima Fuji, na una mzee, gari dogo litakufaa. Hata hii, gari lao lilikuwa safi na saa walizichunga.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota tatu kwa ajili ya dereva. Nimeandika mpaka hapa nimeyasikia yale makofi upya. Nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva. Wasiniombe tena mpaka waandike barua ya kumtaka radhi mama yangu, na waitume kwa jina lake.