Upanga wa jian wa mashindano: mlio mtamu, mkato hakuna

Nimeutumia vya kutosha kuusemea. Huu ni ule jian, upanga wa Kichina wa wushu (sanaa ya mapigano ya China), umenyooka, una kishada chekundu mpinini, na chuma chake ni chembamba kama bati. Ukichoma hewa kwa nguvu unatetemeka toka mpini hadi ncha na kulia “chwaaa!” Mlio huo ndio unaouuza.

Kwa kazi yake uko vizuri. Ukiushika kwa mkono wa kushoto, mkono umening'inia ubavuni na upanga umesimama nyuma ya bega, ncha inafika sikioni kama kanuni inavyotaka. Ni mwepesi pia, kwa hiyo unamaliza onyesho la dakika 1 na sekunde 20 kifundo cha mkono kikiwa bado hai. Na wanaodai wushu ya mashindano ni ngoma tu, waruke mzunguko wa nyuzi 720 na upanga mkononi, kisha watue bila kuyumba. Tutaongea baadaye.

Ila tazama alama zinavyogawanywa. Kati ya 10, 5 ni za usahihi wa mikao na mapigo, 3 za onyesho kwa ujumla, 2 za ugumu wa miruko na mizunguko. Hakuna fungu linalouliza kama pigo lingekata kitu. Upanga umetengenezwa kwa ajili ya macho na masikio ya waamuzi.

Nilitaka kuona mwisho wake uko wapi, nikaomba mwenzangu anipige polepole kwa upanga butu wa mazoezi, wa chuma kizito, sote tumevaa barakoa na koti la kujikinga. Nikapangua. Chuma changu kikapinda, upanga wake ukaendelea na safari hadi begani kwangu. Huwezi kumsukuma mtu kwa kitu kinachokubali kila kinachoambiwa.

Kilichonifikirisha zaidi ni zoezi la kukata mikeka iliyoviringishwa na kulowekwa maji, kwa katana, upanga wa Kijapani, yenye makali. Ili jian ilie, mkono unajifunza kuchapa mwishoni ili chuma kitikisike. Mkono huohuo ukaniletea mchezo kwenye katana: makali yalilala kidogo tu, upanga ukakwama katikati ya mkeka. Mwelekeo wa makali ukipotea hata kidogo, nguvu haisaidii. Zoezi lenyewe halina kelele wala madoido, na mtazamaji asiyejua angesinzia.

Kwa hiyo nyota nne kama unaingia kwenye zulia la mashindano. Kwa mazoezi ya wawili, nyota sifuri, na nasema hivyo kwa usalama wako: chuma hiki kikikunjika hakinyooki tena vizuri, na kinaweza kukatika.

Ukiununua, kagua nati ya mwisho wa mpini kabla ya kila zoezi. Wangu hulegea wenyewe.