Kofia ya mkono niliyouziwa Mji Mkongwe: ameapa, nimelipa, nimetukanwa

Nilikuwa natafuta kofia ya mkono, yaani iliyodariziwa kwa sindano na mkono wa mtu. Za mashine ninazo, nimezivaa tangu skuli. Pale sokoni Darajani unaipata kwa elfu saba, elfu kumi ukitaka nzuri kidogo, unaivaa mpaka inachakaa, unatafuta nyingine. Sina ugomvi nazo. Lakini nyumbani tulikuwa tunakwenda kupeleka posa ya mdogo wangu, mimi ndiye mkubwa, na mtu anayekwenda kusema mbele za wazee wa watu anataka kitu cha heshima kichwani. Mimi ni mwalimu wa msingi, na mshahara wetu kila mtu anaujua. Kofia ya laki mbili siiwezi na sikwenda kujifanya naiweza.

Duka lenyewe liko Mji Mkongwe, hapa Unguja. Jina silitaji. Lina makabati ya kioo na mzee anayekaa nyuma ya meza na tasbihi yake. Nikamsalimia, akaitikia vizuri tu, na nikamwambia mapema ili tusipotezeane wakati: "Ami, nina elfu sitini. Nataka ya mkono, hata ikiwa ya mshono mchache."

Akainama, akatoa moja nyeupe yenye uzi wa rangi ya maziwa, maua madogo madogo yamezunguka pembeni na juu kuna nyota moja kubwa. "Hii ya mkono, kazi ya Pemba. Bei yake si hiyo, nakupa kwa sababu umekuja kwa adabu." Nikamuuliza tena, ya mkono kweli? Akaapa. Wallahi aliapa, na tasbihi iko vidoleni. Nikataka kuipindua nione ndani, akaniwahi mkono: usiikunje kijana, utaivunja kanji. Ndani kwenyewe kulikuwa kumetiwa bitana nyeupe, imefunika kote, mshono wa nyuma hauonekani hata kidogo. Akaniambia bitana ni ya kuzuia jasho.

Niseme haki yake: siku ya posa ilikaa vizuri. Imesimama wima, haikuteleza, ami zangu wawili waliniuliza nimeipata wapi. Kama ningeandika siku ile, ningewaambieni nendeni, mzee yule hana neno.

Tatizo lilikuja nilipoifua. Na nilivyoifua ndivyo kofia zinavyofuliwa hapa kwetu tangu babu zetu: maji ya baridi, sabuni ya kipande, vidole tu bila brashi, kisha buluu kidogo, kisha kanji, halafu unaivalisha kwenye kopo linaloenea kipimo chake ikauke. Marehemu bibi yangu alizifua za babu hivyo na nilikuwa nakaa naye nikimtazama. Basi nilipoanza kuisugua pale kwenye ukingo, bitana ikaachia. Haikuchanika, iliachia, kwa sababu nusu yake haikushonwa bali ilibandikwa kwa gundi. Chini yake nikakuta kitu kama karatasi, kile wanachoweka mashine isivute kitambaa inapodarizi, kimeshalowa kinatoka vipande vipande kwenye maji. Na nyuma ya kila ua kuna uzi mwembamba wa pili, mweupe pe, mmoja kwa mmoja, sawasawa, ule uzi wa chini wa cherehani. Nikavuta ncha moja kwa kucha. Ua zima likafumuka.

Vitundu ndivyo vilivyoniuma zaidi. Kwenye kofia ya mkono kila kitundu kimetobolewa kwa sindano kwanza, halafu kikazungushiwa uzi pande zote mpaka kikawa na mdomo mgumu. Ukikifua miaka ishirini hakifunguki. Vya kofia hii vilikuwa vimetobolewa tu na kupitishiwa uzi upande mmoja. Maji yalipoingia vikalegea, vingine vikaungana viwili kikawa kitundu kimoja. Niliitia kanji hivyo hivyo, nikaivalisha kopo, nikaianika. Ilipokauka ilikuwa imebonyea kama andazi lililotolewa mapema kwenye mafuta.

Nikasema sawa, mtu anaweza kudanganywa na aliyemletea mali. Nitarudi nimwambie kwa upole, labda naye hajui. Nikaitia kwenye mfuko wa karatasi nikaenda siku ya pili yake, saa ya asubuhi ili nisimkute na wateja. Nikamkuta nao, wageni wawili na mtembezaji wao. Nikasubiri nje. Walipokuwa wanachagua nikaingia, nikasalimia, nikaiweka mezani nikamwambia, "Ami, samahani, ile kofia imefunguka, na ndani nimeona ni ya mashine."

Hakuishika vizuri. Aliinyanyua kwa vidole viwili, kwenye ncha, akaitazama kidogo, akaiachia idondoke mezani.

"Umeifua?"

"Nimeifua, ndiyo."

"Nani alokwambia kofia ya mkono inafuliwa?" Na hapo sauti ikapanda, wale wageni wakageuka. "Kofia ya mkono ina watu wake, kijana. Wewe ungechukua zile za elfu saba pale nje, ndizo size yako."

Ina watu wake. Nimekaa na neno hilo mpaka leo. Watu wake ni nani? Kofia hizi wanavaa wavuvi siku ya Idd. Huvaa mtu wa shamba akienda mazikoni, hata ikiwa ndiyo kofia yake pekee na ameirithi. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa Butiama, na picha zake ngapi tunazo amevaa baraghashia. Haikuwahi kuwa kitu cha kumpimia mtu mfuko wake. Halafu huyu mtu anaiuza kila siku na anasimama mbele za watu kusema kofia ya mkono haifuliwi! Kwa hiyo jasho la kichwa la miaka kumi liende wapi? Ni uongo ambao mtoto wa Pemba wa miaka saba atakucheka ukiusema. Mzee aliusema kwa sababu alijua wale wageni hawajui.

Nikamwambia naomba pesa yangu. Akasema mali ikishalowa hairudi. Nikamwambia uliapa. Akainama kwenye hesabu zake. Mtembezaji, Mungu ambariki, alinitazama kwa huruma na akawatoa wageni wake nje.

Sasa nije kwenye habari ya pili, maana nisingependa mtu asome haya akadhani kofia ya mkono kwa kipato chetu ni ndoto. Mwalimu mwenzangu alinipeleka Mwanakwerekwe kwa mama mmoja wa Kipemba anayeshona nyumbani kwake. Nikapiga hodi, shikamoo mama, akanikaribisha ukumbini, kazi yake iko pajani: duara la juu la kofia, kitambaa cha bafta, mistari ya kalamu bado inaonekana pale uzi haujafika. Alinionesha bila kuombwa. Hapo ndipo mnapotakiwa kufungua macho, kwa sababu yeye anataka uipindue. Anakupa mwenyewe uitazame nyuma. Ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha, vitundu vinapitisha mwanga vyote, na ukitazama maua mawili yaliyo jirani, moja lina jani lililonyooka na jingine limelala kidogo. Mkono hauwezi kurudia kitu kile kile mara mia. Mashine inaweza, na ukishajua hilo humhitaji mtu akuapie.

Akanieleza namna kazi inavyokwenda. Mara nyingi anayechora si anayeshona. Yeye hununua kitambaa kimeshachorwa, anatoboa na kushona baina ya kupika na kuchota maji na watoto, kwa hiyo kofia moja inamchukua miezi. Juu hushonwa peke yake na pembeni peke yake, mwisho ndipo zinapounganishwa, na kuunganisha ni kazi ya mtu mwenye jicho, vinginevyo kofia inakaa upande. Alinipima kichwa kwa utepe, juu kidogo ya masikio, na akanishauri aiache na nafasi ndogo sana kwa sababu ikifuliwa mara ya kwanza inapungua kidogo. Ikifuliwa! Nikamwambia alichoniambia yule mzee. Akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Mwanangu, kofia isiyofuliwa hiyo ni ya kuwekwa kabatini."

Bei yake elfu sabini. Nililipa ishirini siku ile, iliyobaki kwa mafungu kila mshahara ulipotoka, na hakuniandikia popote. Nimeivaa, nimeifua, nimeitia kanji, naifua tena. Imezidi kuwa nzuri. Vitundu vinapitisha upepo, kichwa hakichemki hata Ijumaa ya kaskazi msikiti umejaa. Sijawahi kununua nguo iliyonifurahisha namna hii, na kanzu yangu ya Idd naiona sasa ndiyo iliyopungukiwa.

Ningeishia hapa na hasira ingeshapoa. Ila siku nilipokwenda kumaliza deni, nikamtajia mama yule duka lilipo. Akanyamaza, halafu akasema, "Yule mteja wangu." Kumbe mzee wa duka hununua kofia kwake mama huyu na kwa wenzake kadhaa wa mtaa ule, kwa elfu arobaini na tano, siku nyingine arobaini, na wakati mwingine anachukua leo analipa mwezi ujao. Nikakumbuka yale makabati ya kioo. Kweli zilikuwamo kofia za namna hii hii, ile nyota ya juu, yale majani ya kulala upande, na bei niliisikia mwenyewe akiwatajia wale wageni: laki moja na themanini. Nyingine, aliniambia mama, huwa zinapelekwa mpaka Muscat, wenzetu wa Oman wanavaa kofia za namna hii na wanazijua, hawadanganyiki.

Kwa hiyo hapa lazima nigeuze nilichotaka kusema. Nilitaka kuandika kwamba duka lile halina kofia ya mkono. Linazo, na huenda ndizo bora mjini. Ukiwa na laki mbili na ukajua kutazama, utatoka na kitu cha maana pale. Na za mashine za nje, zile za elfu saba alizonitukania, hazina ubaya wowote kwa kazi ya kila siku, zinauzwa kwa jina lake.

Lakini hapana. Nikiandika hivyo namsaidia. Mtu anazo za mkono halisi kabatini, anajua kabisa ipi ni ipi, kisha anachukua ya mashine, anaificha mshono kwa bitana ya gundi, anampa mwalimu wa msingi kwa elfu sitini na anamwapia ni kazi ya Pemba. Amemwibia mnunuzi, na amemwibia yule mama jina lake, kwa sababu nilipoiona ile ya kwanza inafumuka kwenye beseni, wa kwanza niliyemlaumu moyoni ni mshonaji. Nilisema watu wa Pemba siku hizi hawashoni vizuri. Mama wa watu yuko Mwanakwerekwe anatoboa kitundu kimoja kimoja, lawama zinamfika yeye.

Basi msinunue pale, hata hizo nzuri. Mwenye pesa kidogo aulizie wanawake wanaoshona; kila mtaa wapo, Mwanakwerekwe, Pemba ndiyo usiseme, na Lamu pia wapo mafundi wake. Agiza mapema, usingoje wiki ya Idd, lipa kidogo kidogo kwa makubaliano. Ukilazimika kuingia dukani, ipindue. Muuzaji akikuzuia kuipindua, irudishe mezani utoke. Yenye bitana iliyofunika mshono wote usiichukue hata akikuapia namna gani.

Ile mbovu ninayo bado, na mfuko wake wa karatasi. Mwenye duka, najua wanao wako wanasoma haya mitandaoni, wakufikishie: elfu sitini yangu naitaka, na yule mama umlipe deni lake la mwezi uliopita.