Jengo la Triangle New York, uzoefu wangu (nyota 4)

Kama uko New York na unapenda majengo ya zamani hili usilipite, tena ni bure. Shuka treni West 4th Street, katiza Washington Square Park, unalikuta kona ya Washington Place na Greene. Ndimo kilimokuwa kiwanda cha nguo cha Triangle kilichoshika moto 1911 kikaua watu wengi. Zamani likiitwa Asch Building, sasa hivi ni Brown Building, ndani ni maabara za chuo kikuu kwa hiyo unalitazama kwa nje tu, nyota ya tano ningeitoa ningeziona zile ngazi za ndani.

Simama upande wa pili wa barabara uangalie juu. Ghorofa 10, lilimalizika 1901, fremu ya chuma, madirisha makubwa kwelikweli maana fundi wa cherehani anataka mwanga. Dari ndefu unaweza kudhani ni urembo, kumbe sheria ilitaka kila mfanyakazi awe na hewa futi za ujazo 250, sasa ukipandisha dari hesabu ya hewa inatimia na chini unabananisha watu unavyotaka. Ujanja mtupu!

Ila kilichoniuma zaidi ni urefu wake. Futi 135. Sheria ya wakati ule ilikuwa inabana majengo yanayozidi futi 150, hayo ndo yalikatazwa sakafu za mbao na fremu za mbao madirishani, hili likapona kwa futi 15 tu, wakaweka mbao. Ngazi zilitakiwa tatu, zikajengwa mbili, ya tatu wakahesabia ile ya chuma ya nje, ambayo siku ya moto, tarehe 25 Machi 1911, ilipinda ikaporomoka na watu. Kampuni ya Triangle ilikuwa inashona blauzi ghorofa ya 8 mpaka ya 10, na mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa funguo ili wote watokee upande mmoja wapekuliwe mikoba (waliopita viwanda vya nguo huo mtindo wanaujua). Ngazi walizokuja nazo zimamoto ziliishia ghorofa ya 6, hazikuwafikia. Walikufa 146, wengi mabinti wa Kiyahudi na Kiitaliano, na jengo lenyewe likabaki, ndo hilo hilo unaloliona.

Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa 2023 na jamani wameutendea haki. Ni utepe wa chuma umezunguka kona juu ya vichwa vya wapita njia, majina yametobolewa humo, halafu usawa wa kiuno kuna paneli nyeusi inayong'aa, ukiinama unayasoma majina humo yakiwa na rangi ya anga. Nenda mchana.

Ukiweza pangilia uende 25 Machi, kwenye kumbukumbu huwa gari la zimamoto linanyanyua ngazi mpaka ghorofa ya 6, inaishia hapo. Gari lako liache nyumbani, parking ya maeneo yale bei yake ni matusi.