TAHADHARI: Mota za "HP 10" za mtandaoni, soma kabla hujatuma pesa

Wenye mashine za kusaga posho na pampu za maji, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma, kaeni macho. Kuna wauzaji wanaotangaza mota za fezi tatu za HP 10, "shaba tupu, mtumba wa Ulaya", pamoja na staata (kifaa cha kuwashia mota) ya staa-delta, kwa bei ya kutupa. Wanataka nusu ya pesa itumwe kwa M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, mzigo uje na basi. Ukisita, unatumiwa video fupi: mota inazunguka, haina kelele, imepakwa rangi mpya. Wengi hunaswa hapo.

Angalia video inachukua muda gani. Staa na delta ni namna mbili za kuunganisha koili, yaani misuko ya waya ndani ya mota. Staata ya staa-delta huanza na staa, kila koili ikipata volti 240 hivi, ili mota isivute umeme mwingi mno inapoamka. Baada ya sekunde 5 hadi 10, taima huigeuza delta na koili zinapata volti 415 kamili. Sasa soma kibao cha maelezo kilicho kwenye mota. Kikiandikwa 230/400 V Δ/Y (Δ ni delta, Y ni staa), mota hiyo kwa umeme wetu ni ya kukaa staa daima. Ifunge kwenye staata ya staa-delta, zile sekunde za kwanza itazunguka vizuri tu. Ikigeuka delta, koili zinapigwa na volti karibu mara mbili ya zile zilizotengenezewa na kuungua upesi. Video hukatwa kabla ya kufika hapo. Mota ya staa-delta ya kufaa huku kibao chake husema 400/690 au 380/660.

Ila kibao nacho hubandikwa kingine, kwa hiyo pima mota yenyewe. HP 10 ni kW 7.5. Mota ya kawaida ya nguvu hiyo, yenye poli nne, ina milimita 132 kutoka chini ya miguu hadi katikati ya shafti, na shafti ina unene wa milimita 38. Ukikuta 112 na shafti ya 28, hiyo kwa kawaida ni kW 4. Hata 132 isikulaze usingizi, maana kW 5.5 hukaa kwenye umbo hilohilo lakini fupi kidogo: matundu ya miguu, kwa urefu wa mota, yameachana milimita 140 badala ya 178. Mwambie muuzaji apige picha tepu ikiwa imewekwa pale. Akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Mota iliyosukwa upya, yaani iliyotiwa koili mpya, si mbaya. Mafundi wazuri wa kazi hiyo wapo. Ubaya ni ile iliyosukwa kwa alumini na kuitwa shaba. Waya wa alumini wa unene uleule hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, hivyo mota huchemka kwa mzigo inaostahili kuubeba. Kwaruza vanishi kwenye ncha ya waya ndani ya boksi la tamino (mahali nyaya za umeme zinapofungwa): shaba ni nyekundu. Wengine huchoma koili za zamani kwa moto mkali, vibati vya chuma vinapoteza insulesheni yake, na mota inapata joto hata ikizunguka bure.

Usilipe kabla ya kuipima kwa mega ya volti 500 (kipimo cha insulesheni) na klampu mita (kipimo cha ampia). Kati ya koili na bodi, chini ya megaomu 1 usiiguse. Iliyo nzima husoma mbali juu ya hapo. Ikizunguka bila mkanda, kila fezi ivute kati ya theluthi na nusu ya ampia za kibao, na zikaribiane. Fezi moja ikizidi, sogeza nyaya zote tatu nafasi moja upande uleule. Ampia kubwa zikifuata waya, tatizo ni umeme wako. Zikibaki kwenye tamino ileile, tatizo ni mota.

Kwenye staata, angalia ovalodi, kifaa cha kukata umeme mota ikivuta ampia kupita kiasi. HP 10 huvuta ampia 14 hadi 15, lakini ovalodi ikiwa baada ya kontakta (swichi ya umeme) kuu, kwenye nyaya za koili, seti yake ni hiyo mara 0.58, yaani kama 8.5. Wanakuletea ya 12 hadi 18 imewekwa 15, na hiyo itangoja mpaka mota ivute karibu 26 ndipo ikate. Hakikisha pia kontakta za staa na delta zina kizuizi cha kuzifanya zisishike pamoja, la sivyo ni shoti.

Mota ikishaungua, jibu lao ni moja: "stima ilikosa fezi." Fungua kifuniko. Iliyokosa fezi ikiwa staa huungua makundi mawili ya koili, la tatu hubaki safi. Ikiwa delta huungua kundi moja. Yakiwa meusi yote matatu kwa usawa, chanzo ni mzigo uliozidi au volti zisizo zake. Piga picha hiyo kabla fundi hajang'oa waya, iweke pamoja na picha ya kibao na ujumbe wa M-Pesa, kisha upeleke vyote polisi.