TAHADHARI: Kompyuta za mtumba zinazonukia marashi

Ndugu zangu mnaotafuta kompyuta za mezani za mtumba Kariakoo, hasa zile zinazouzwa kwa maneno "zimetoka ofisini Ulaya", naomba msome hili kabla hamjatoa hela.

Mwezi uliopita nilinunua moja kwa shilingi 280,000, ya kijiduka changu cha kutoa kopi. Pale dukani ilikuwa inang'aa na inanukia waridi. Muuzaji aliiwasha dakika mbili, picha ikaja, akazima. "Umeona dada, haina shida." Nikalipa. Nilipoanza kuifanyia kazi, hata nusu saa haikuisha, waridi likapotea na ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua, nzito, ya kukaba koo. Mteja mmoja akaniuliza kama kuna waya unawaka.

Nikairudisha. Akaniambia ni moshi wa sigara tu, kisha akaniuzia kichupa cha "dawa ya kutoa moshi" kwa 15,000. Hela nyingine hiyo ikaenda. Kilichomo ni manukato matupu. Ukipuliza, harufu inafunikwa, mashine ikipata joto inarudi vilevile, kwa sababu kinachonuka ni utando uliogandia ndani, na joto ndilo linaloupandisha hewani.

Fundi wangu alifungua ubavu, akapitisha pamba yenye spiriti kwenye mapezi ya feni. Pamba ilitoka nyeusi tii. Akanieleza: ingekuwa sigara, ingetoka rangi ya kahawia kama chai ya rangi, tena inanata. Nyeusi ile ni masizi. Akanionyesha na tundu za nyaya za nyuma, zina ukijani, na skrubu zimeshika kutu. Mashine hii ilikuwa kwenye moto, ikafutwa nje, ikapakwa marashi.

Na hapa shida si pua tu. Plastiki ya nyaya, ile PVC, ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrokloriki. Inabaki kwenye masizi na kula shaba taratibu. Kwa unyevu huu wetu wa Dar, mashine inaweza kuwaka leo vizuri na kufa baada ya miezi michache, huku muuzaji anasema umeme wako ndio umeiunguza.

Kwa hiyo ukienda kununua, mwambie aiwashe nusu saa nzima, na pua uiweke nyuma, pale feni inapotolea hewa moto. Beba pamba na spiriti kidogo. Omba ubavu ufunguliwe, ni skrubu mbili tu, akikataa, ondoka. Akikuambia ameipitisha kwenye mashine ya ozoni, gesi ya kuondoa harufu, jua kwamba ozoni haiondoi masizi, inaharibu vitu vya mpira, na kuivuta ni hatari kwa mapafu.

Kama tayari unayo na ni sigara kweli, inasafishika. Kava za plastiki zioshwe peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikauke kabisa. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ipigwe brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, umeme ukiwa umechomolewa. Feni badilisha, ni bei ndogo. Pawa saplai, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani, usiifungue mwenyewe hata kidogo, hutunza umeme ndani hata baada ya kuchomoa waya. Mpe fundi, au nunua nyingine. Iliyotoka kwenye moto mimi nisingeihangaikia.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi nilipewa kikaratasi cha mkono, hakina jina la duka wala namba ya kompyuta, na sasa ndicho kinachonikwamisha kudai haki yangu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia, lakini lazima uoneshe ulinunua wapi.

Juzi nimepita pale tena. Zimepangwa nyingine mlangoni, na lile waridi unalisikia kabla hujafika.